Nilichanjwa Ndui kwa Jina la Mama Mkwe

Nilichanjwa ndui kwa jina la mama mkwe wangu. Naanza na hilo ili asije mtu akadhani nataka kujitetea. Ilikuwa miaka ya hamsini, Tanga, nami ni mke wa miaka miwili katika nyumba ya Ngamiani, nimetoka kwetu Makorora na ulimi wangu mrefu na mikono isiyojua kupika. Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Tuliishi na mama yake, mjane, mzaliwa wa Mwera huko Pangani, mwanamke mwembamba aliyekuwa na desturi ya kufunua kifuniko cha sufuria yangu kila adhuhuri na kuuliza, "Huu wali au uji?"

Mwaka huo aliuza shamba lake la minazi la Mwera ili aende kuhiji. Mwanawe ndiye angemsindikiza, kwa kuwa mwanamke hasafiri Hija bila maharimu, mwanamume wa jamaa yake asiyeweza kumwoa. Mimi nilikuwa nibaki na nyumba, na sikuhuzunika hata kidogo. Nilihesabu miezi mitatu ya kupika nitakavyo.

Kabla ya tiketi kukatwa, alikuja karani wa wakala wa meli kuwaeleza mahujaji masharti ya safari. Alikaa barazani na mume wangu. Sisi wanawake tukasikiliza nyuma ya pazia la mlango. Mpaka siku ile nilidhani bahari haina mwenyewe ila Mungu. Kumbe ina sheria kuliko soko la samaki. Karani alisema huwezi kupanda meli ya mahujaji bila tiketi ya kwenda na kurudi, maana serikali imechoka kuwatafuta watu waliokwama Jidda. Alisema sitaha imepimwa, kila mtu na kipande chake cha kulala, na idadi ya abiria imeandikwa kwa rangi kwenye chuma cha meli. Nahodha akizidisha mmoja, ashitakiwa. Kuna kipimo cha maji ya kila mtu kwa siku. Sharti pawe na daktari humo humo melini. Na kila abiria awe na cheti cha kuchanjwa ndui na cha sindano za kipindupindu, vyenye muhuri.

"Asipokuwa nacho?" mama mkwe akauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Hapandi, bibi. Akipanda kwa hila, ukaja ukazuka ugonjwa, meli nzima yatiwa karantini. Yapandishwa bendera ya manjano, yasimama mbali, hashuki mtu. Serikali ya hapa, ya Adeni, ya Jidda, zote zasoma karatasi moja."

Nilishtuka. Nilimwona akilini mtu wa Adeni nisiyemjua amekaa na karatasi, anasoma habari za mkono wa mama mkwe wangu. Yeye hakushtushwa na Adeni. Alishtushwa na mkono. Karani alipokwisha kuondoka aliniita ndani, akafunga mlango.

"Huyo mchanjaji wa zahanati ya sokoni mwanamume, sivyo?"

"Mwanamume, mama. Hukaa pale nje varandani, watu foleni."

"Mkono huu," akasema, akiushika juu ya kiwiko, "tangu nilipowekwa ndani kigori hajauona mwanamume ila marehemu. Leo naenda nyumba ya Mungu, nianzie safari kwa kumvulia nguo mtoto wa watu varandani?"

Nikamwambia ni mkono tu. Akaniangalia jinsi alivyokuwa akiuangalia wali wangu. Kisha akakaa kitako mkekani akafikiri, na nilipomwona anatabasamu nilijua kuna jambo, maana mama yule hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo.

"Mtu asiyeweza kwenda Hija," akasema, "si huhijiwa? Mwenzake huenda kwa jina lake, akazunguka Al-Kaaba kwa jina lake, na Mungu akapokea. Hija yenyewe, nguzo ya dini! Sasa kama Hija ina badala, sindano ya serikali ishindwe kuwa na badala? Kimo chetu kimoja. Vaa buibui langu, funika uso, nenda."

Leo mtu akinisimulia hivyo nitacheka mpaka nishike mbavu. Siku ile sikucheka. Maneno yalikaa sawa kabisa kichwani mwangu, na zaidi ya hapo, nilifurahi. Miaka miwili hakuwahi kunitaka kwa jambo lolote ila kunikosoa, na sasa alikuwa ananihitaji. Akaniapisha nisimwambie mwanawe. Haya, akasema, mambo ya wanawake.

Basi nikaenda. Nilijikunja mgongo, nikakohoa foleni nzima. Mchanjaji aliuliza jina, nikataja la mama mkwe. Aliuliza umri, nikasema nilizaliwa enzi za Mjerumani. Nilipoufunua mkono wa kushoto kijana wa watu akasita. "Bibi," akasema, "mkono wako haukupata habari kwamba umezeeka." Waliokuwa nyuma wakacheka. Nikamjibu kwa sauti ya kukwaruza kwamba sisi wa zamani tulilelewa kwa samli. Naye ana watu wengi wanangoja. Akanikwaruza dawa ya ndui begani, akaandika cheti, nikatia dole gumba. Sindano za kipindupindu nazo nilizipokea mimi, siku nyingine mbili.

Chanjo ilinishika vibaya. Mkono ulivimba, lengelenge likatoka, homa ikanilaza. Na katika homa ile nilimwona mama mkwe nisiyemjua. Alinipikia uji wa mchele kwa mkono wake, akaninywesha, akanifuta jasho, akamwambia mwanawe kwamba nimepatwa na homa ya kawaida. "Pole mwanangu," alikuwa akininong'oneza, "wanibebea mzigo wangu." Nilitamani homa isiishe. Lakini iliisha, gaga likabanduka, likabaki kovu jekundu bichi lenye kuwasha, na kifuniko cha sufuria kikaanza tena kufunuliwa.

Asubuhi ya safari nyumba ilijaa wanawake wa kuaga. Nilikuwa nimeamka alfajiri kukaanga maandazi ya njiani. Mama mkwe akachukua moja, akalivunja, akawaonyesha wageni unga mbichi ndani. "Nikirudi," akasema kwa sauti ya wote kusikia, "nikukute umejifunza. La sivyo namtafutia mwanangu mke wa pili, nawe ukae umtazame akipika." Wanawake wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, maana ufanye nini. Lakini neno lile lilinichoma, na nilitoka nalo nyumbani.

Meli ilikuwa imetia nanga mbali kidogo, kwenye maji marefu, kama zifanyavyo meli kubwa zote Tanga. Abiria walipelekwa kwa mashua kutoka gatini. Kabla ya mashua kulikuwa na banda, na ndani ya banda meza, na mezani afisa wa meli na orodha ya majina, karibu naye daktari wa bandari, Mzungu mrefu aliyechomwa na jua puani. Wanaume walipita mbele yake wamekunja mikono ya kanzu. Alikuwa hatazami vyeti tu. Alikuwa anatazama makovu.

Hakuna aliyetuambia habari ya kuangalia makovu. Mume wangu akapita, akaangaliwa, akapigiwa muhuri, akaambiwa ashuke ngazini angoje mashua. Alitugeukia akatupungia kwa furaha. Wanawake tulielekezwa upande wa pili wa banda, nyuma ya turubai lililofungwa kama pazia. Mimi si msafiri, lakini niliruhusiwa kuingia kwa kuwa nimebeba furushi la bibi.

Nyuma ya turubai alikuwako mwanamke. Nesi wa Kizungu, mtu mzima, mikono imejaa madoadoa, anatabasamu. Mama mkwe akanigeukia macho yamemtoka. Wote wawili tulifikiri neno moja: kumbe yupo mwanamke. Baadaye nilikuja kujua kwamba kila Alhamisi nesi huyu alikuwa akichanja wanawake katika hospitali kubwa, nyuma ya pazia kama lile, na mwanamume haingii. Tangu lini? Tangu zamani. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza. Mpaka leo nikikumbuka hiyo Alhamisi napata hasira ya kutaka kupiga ukuta.

Nesi alifunua mkono wa kushoto wa mama mkwe. Ulikuwa mkono mweupe kuliko uso wake, laini, hauna hata alama ya mbu. Akafunua wa kulia. Akachukua cheti, akakisoma, akaangalia tena. Akamwita daktari kwa maneno yao. Daktari hakuingia; aliongea kutoka upande wa pili wa turubai, na karani wa bandari, mtu wa pwani kama sisi, akatutafsiria kutoka huko huko.

"Daktari asema cheti kipo, lakini alama haipo. Yawezekana chanjo haikushika. Hutokea. Kama ni hivyo, nesi amchanje tena hapa hapa, daktari wa meli atamwangalia njiani. Atapanda."

Nilimwona mama mkwe akivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Atapanda. Mwenyezi Mungu amefungua mlango ambao hata hatukuubisha. Aliukunja mkono wa nguo mwenyewe, akamnyoshea nesi mkono, na midomo yake ikawa inasoma.

Na mimi wakati huo nilikuwa najikuna. Banda lile la bati lilikuwa tanuri. Nilikuwa nimelitupa buibui nyuma ya mabega, kanga imeteremka, na kovu langu bichi linawasha kwa jasho. Najikuna bila kujua kwamba najikuna. Nesi, sindano mkononi, akaniangalia. Akaliangalia kovu. Akaiangalia tarehe ya cheti. Akaweka kifaa chake chini, akanishika mkono, akauvuta taratibu mpaka ukakaa kando ya mkono wa mama mkwe, na kwa muda tukawa tumeunganishwa hivyo, wote watatu.

Akauliza kitu. Karani akauliza kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Anauliza, we binti husafiri, mbona umechanjwa mwezi mmoja na bibi? Siku ile ya cheti hiki, nani alikwenda zahanati?"

Nilikuwa na njia nyingi. Ningeweza kusema nilichanjwa kwa ajili yangu, cheti changu kipo nyumbani. Ningeweza kulia. Ningeweza kunyamaza tu, wakangoja, na mashua ilikuwa inaita watu. Mama mkwe alikuwa ananitazama, na hakuwa ananitisha, alikuwa ananiomba.

"Mimi," nikasema. "Yeye kanituma."

Sijui mtu mwingine huwaje, lakini mimi niliyasikia maneno yangu yametoka mbele yangu, kana kwamba kayasema mwingine. Na katika mshtuko ule, lazima niseme, kulikuwa na utamu. Mdogo, kama chembe ya sukari ulimini. Nililiona lile andazi lililovunjwa. Kisha utamu ukapotea, ikabaki sura ya mama mkwe.

Turubai likafunuliwa lote. Daktari akaingia, nyuma yake afisa wa meli na orodha, karani, na mabaharia wawili waliokuwa wanachukua mizigo. Daktari alikuwa mwekundu kwa hasira. Alisema, na karani akatafsiri bila kupumua, kwamba hii ni karatasi ya uongo katika shughuli za meli, ni kesi ya mahakamani. Kwamba meli ile ina mamia ya watu wanaolala bega kwa bega. Kwamba yeye ameiona ndui ndani ya meli, amewaona watoto waliotoka nayo vipofu, na wengine hawakutoka. Alisema yeye ndiye anayemtilia nahodha saini, na bandari za mbele zinaiamini saini yake, na sisi tulitaka kuifanya uongo.

Hapo ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa. Mpaka dakika ile nilidhani ni karatasi tu, ukorofi wa serikali, kama kodi na leseni ya baiskeli. Nikamtazama mwanamke mmoja kwenye benchi, mhujaji mwenzetu, na kitukuu chake kilichokuja kumuaga kimelala mapajani. Daktari alikuwa na haki. Ningependa sana asiwe na haki.

Karani alimgeukia mama mkwe, kwa heshima hata hivyo. "Shikamoo bibi. Nani aliyewapa fikira hii?"

"Marahaba. Nilifikiri kama badala ya Hija," akasema mama mkwe.

Karani akashika kichwa. "Bibi yangu, Hija huhijiwa. Ndui haiuguliwi na mtu mwingine."

Afisa wa meli akapiga mstari kwenye orodha. Nilisikia kalamu ikikwaruza. Cheti kikachanwa vipande vinne.

Mama mkwe hakulia. Alisimama mbele ya wanaume wale wote, daktari, karani, afisa, mabaharia na mizigo yao, akasema, "Ni kweli, nilimtuma. Huyu hana kosa, ni mtoto, kanitii mimi." Kisha akaupandisha mkono wa nguo mpaka bega likawa wazi kabisa, chini ya mwanga wa mlango, akawaelekezea. "Nichanjeni basi."

Nilitaka kumfunika. Niliinua kanga yangu, akaisukuma. Nesi alimchanja huku machozi yanamlenga, naye mama mkwe anatazama mbele, mkono wazi, na wale mabaharia wawili wakatazama chini. Hajawahi mtu kunishtua maishani kama mama yule dakika ile. Karani akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa mtu asiyewahi kuchanjwa, cheti huanza kufaa baada ya siku nane. Meli ilikuwa inang'oa nanga kabla ya alasiri.

Mume wangu alirudi mbio kutoka ngazini. Alipoambiwa alisema hendi, atarudi na mama yake nyumbani. Mama mkwe akamkatiza. "Wewe Hija imekwisha kukuwajibikia, na njia imefunguka. Nenda." Mume wangu alisimama pale anatutazama mmoja mmoja, mpaka nikadhani ataniuliza kitu. Akaenda. Tulisimama gatini mpaka meli ikageuka mdomo. Mama mkwe hakupata kupanda meli nyingine. Kifua kilimchukua kabla ya msimu uliofuata, na cheti chake, cha kweli safari hii, kilikuwa bado na muda.

Tulirudi Ngamiani kwa miguu, mimi na furushi kichwani. Watu wakatoka milangoni. Bibi umerudi? Meli imeharibika? Yeye akawajibu kila mmoja, nyumba baada ya nyumba, bila kuinamisha uso: "Nimerudishwa. Nilisema uongo." Mimi hakunitaja. Nilimsubiri aingie ndani anitukane, nilikuwa nimejiandaa. Aliingia, akavua buibui, akaniomba maji ya kunywa. Nilipopika hakufunua sufuria. Alikula alichopewa, akasema alhamdulillahi. Siku ya pili hivyo hivyo. Niliogopa kuliko ningepigwa.

Siku ya nne mkono wake ulianza kuvimba, siku ya sita homa ikapanda. Ikawa zamu yangu ya uji na kitambaa. Aliugua kimya, mwili mwepesi kitandani. Siku ya nane tulikwenda hospitali, ilikuwa Alhamisi, nesi yule yule akaliangalia lengelenge, akaridhika, akatoa cheti. Tulirudi, nikamkalisha uani nimwoshe kidonda kwa maji ya vuguvugu. Alikuwa ameunyosha mkono mapajani mwangu.

"Mwanangu," akasema, "pale ulipoulizwa."

"Naam, mama."

"Hata mate hukumeza."

Niliendelea kuosha. Kuku walikuwa wanaparura pembeni mwa kisima.

"Nataka unambie," akasema, pole pole, si kwa ukali. "Ulikuwa ni woga? Au ulikuwa ni mimi, na yale niliyokutendea?"

"Woga, mama," nikasema. "Niliogopa jela."

Alinitazama, akatikisa kichwa kukubali, akaniachia mkono wake nimfunge kitambaa.